Jina lako la mwisho: la ukoo, la babu, au liliganda kwenye daftari?

#1 Mpekuzi wa Nasaba

Wakuu, salaam.

Nina dai, mnipinge kwa hoja. Majina mengi tunayoyaita "ya ukoo" Afrika Mashariki si ya ukoo. Ni jina la mtu mmoja, mara nyingi babu au baba wa babu, lililoganda siku familia ilipoandikwa kwenye karatasi kwa mara ya kwanza.

Chukueni Nyerere. Baba yake Mwalimu alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Nyerere ni viwavijeshi kwa Kizanaki, na mzee alipewa jina hilo kwa sababu wadudu hao walivamia wakati wa kuzaliwa kwake. Mwalimu mwenyewe akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, maana mvua ilinyesha siku aliyozaliwa. Kwa desturi ya kale watoto wake wangejulikana kwa Kambarage. Lakini wote ni kina Nyerere mpaka leo.

Odinga ni vilevile. Jaramogi aliitwa Oginga, Odinga ni baba yake. Raila akabeba jina la babu, na watoto wa Raila wakabeba hilohilo. Na Obama wa Marekani: babu yake ni Hussein Onyango Obama, kwa hiyo Obama ni baba wa babu. Jina la mzee mmoja wa Kijaluo limefika Ikulu ya Marekani kama jina la familia.

Swali: nini kiligandisha? Kodi? Ubatizo? Shule? Na je, kuna watu wenye jina la ukoo la kweli, lililokuwepo kabla ya karatasi?

#2 Mangi Mdogo

Wapo. Njoo Kilimanjaro.

Mushi, Massawe, Swai, Lema, Lyimo, Mtui, Tarimo, Shirima: hayo ni majina ya koo, si ya babu mmoja anayekumbukwa kwa sura. Mchagga ana jina lake binafsi, jina la baba, halafu ukoo. Unaweza kukutana na akina Mushi kumi wasiojuana kabisa. Na ukoo una eneo lake: ukisikia Tarimo au Shirima unafikiria Rombo, ukisikia Mtui unafikiria Marangu, Swai na Lema ni Machame. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kinarithiwa ndani ya ukoo, kwa hiyo jina lilikuwa na kazi ya ardhi muda mrefu kabla ya karani yeyote kufika.

Dai lako linafaa Mara na Nyanza. Usilipandishe mlimani.

#3 Mlowezi wa Ruvuma

Naunga mkono #2 na naongeza Wangoni. Hawa walikuja na jina la kurithi kutoka kusini, wanaliita chibongo. Zwangendaba aliyevusha watu Zambezi mwaka 1835 alikuwa wa Jere. Huku kwetu Songea, machifu walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 ni Songea Mbano na Mputa Gama. Mbano na Gama si majina ya baba zao, ni chibongo, na mtoto wa kike anayo sawasawa na wa kiume.

Ila kuna tahadhari. Wangoni walimeza watu wengi njiani. Mateka na waliojiunga walikuwa na majina ya kwao, na baadhi ya majina yanayoitwa ya Kingoni leo ni ya wenyeji waliokutwa huku. Kwa hiyo jina la ukoo la kurithi halikupi moja kwa moja damu. Linakupa kundi ambalo babu yako alihesabiwa ndani yake.

#4 Rono wa Bonde

Hamjambo wa bara na visiwani. Upande wa Wakalenjin hakuna kuganda kwa bahati mbaya, kulikuwa na kanuni, na karatasi ndiyo iliyoivunja.

Mtoto anazaliwa, anapewa jina la wakati au tukio: Kip- kwa mvulana, Chep- au Jep- kwa msichana. Kiprop na Cherop ni mvua. Kipkorir ni alfajiri. Kiprono ni jioni mifugo midogo inaporudi nyumbani. Kiplagat ni machweo. Akitoka jandoni, kijana anachukua jina la baba, Kip- (au Ki-) inaondolewa na arap inawekwa, yaani mwana wa. Rais Moi ndiye mfano safi kabisa: baba yake aliitwa Kimoi arap Chebii. Ondoa Ki-, unapata arap Moi. Babu alikuwa Chebii, lakini Chebii hakuendelea.

Kwa kanuni hiyo watoto wa Toroitich arap Moi wangeitwa arap Toroitich. Wakabaki Moi. Hapo ndipo dai la #1 linapokuwa sahihi: kabla ya hapo jina lilikuwa linabadilika kila kizazi.

Ukiona Rotich, Rono, Korir, Langat peke yake bila Kip-, ujue ni mabaki ya arap. Ukiona mwanamke anayemalizia na Kip-, kama bingwa wa mbio Faith Kipyegon, ujue hilo ni jina la mwanamume aliyemtangulia, limekuja kwake kwa karatasi.

#5 chausiku_tz

@Rono wa Bonde, kwa hiyo Cheruiyot ni wanawake watupu?

#6 Rono wa Bonde

Hapana. Cheruiyot ni la wanaume pia, na Robert Cheruiyot aliyeshinda Boston mara nne ni mwanamume kamili. Kip- na Chep- ni kanuni ya jumla yenye majina kadhaa yasiyoifuata. Msimhukumu mtu kwa silabi moja.

#7 Mpekuzi wa Nasaba

Nimewasoma. Kwa hiyo tuna mafungu mawili: waliorithi kundi (Wachagga, Wangoni) na waliokuwa wakibadilisha kila kizazi (Wakalenjin, Wajaluo, Wazanaki). Narudi kwenye swali: kwa hili fungu la pili, nani aligandisha?

Mimi nasema kodi. Wajerumani walianza kodi ya nyumba mwaka 1898. Karani anahitaji kumpata mtu yuleyule mwaka ujao. Jina linalobadilika baada ya jando linamvurugia orodha.

#8 Keya wa Zamani

Kodi haikuandika familia, iliandika nyumba na mlipaji. Mtoto hakuwemo. Kwa hiyo haiwezi kugandisha jina la kizazi kinachofuata.

Kenya angalia kipande. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume alitembea na karatasi yenye jina na alama za vidole ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Jina lililoandikwa pale ndilo mwajiri alilotumia, ndilo lililomfuata mjini. Huwezi kulibadilisha kwa sababu umetoka jandoni.

Na jeshi nalo lilizalisha majina. Museveni linatokana na Abaseveni, askari wa Uganda waliotumikia batalioni ya saba ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza), yaani keya. Kaguta ndilo jina la baba yake. Hapo hata babu hayumo. Ni namba ya kikosi.

#9 Mtunza Rejesta

Nyote mnaruka jambo la wazi: daftari la ubatizo. Kipande kilikuwa cha wanaume wazima. Kodi ilikuwa ya nyumba. Rejesta ya parokia ndiyo karatasi ya kwanza iliyomwandika mtoto pamoja na baba yake kwenye mstari mmoja, na ndiyo iliyotumika mtoto alipopelekwa shule ya misheni. Mwalimu alinakili majina mawili, la Kikristo na la baba. Mtoto huyo alipokuwa baba, naye aliandikwa kwa majina hayo mawili, na la pili likawa la mwisho kwa wanawe.

Kwa anayetaka kuchunguza jina lake, fanya hivi.

Kwanza usiulize wazee "maana yake nini". Utapewa maana papo hapo hata kama haipo. Uliza nani wa kwanza kuitwa hivyo, ndugu zake waliitwaje, na dada zake waliitwaje. Kama dada zake walikuwa na jina hilohilo, kuna uwezekano ni la ukoo. Kama kila ndugu ana lake, ni jina la mtu.

Pili uliza mwiko wa ukoo, yaani mnyama au kitu msichokula, na salamu au sifa ya ukoo. Familia mbili zenye jina moja na miko tofauti kwa kawaida ni koo mbili zilizokutana kwenye tahajia.

Tatu nenda parokiani au usharikani. Rejesta za zamani za Kikatoliki ziko kwa Kilatini: namba, tarehe, jina, wazazi, wasimamizi, na pembeni huongezwa ndoa. Soma safu ya wasimamizi kwa makini, maana jina la msimamizi wakati mwingine ndilo lililoingia kwenye familia likaonekana kama la babu.

Nne, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama, tafuta kwa tahajia ya aliyeandika. Mjerumani aliandika "dsch" kwa sauti ya j, "tsch" kwa ch, "sch" kwa sh, na w yake ni v yetu. Kilimanjaro kwao ni Kilimandscharo, Wachagga ni Dschagga. Ukitafuta jina kwenye herufi J unaweza kulikosa, kumbe liko D. Ng' yenye ritifaa hupotea mara nyingi na kubaki Ng au N tupu. L na r hubadilishana hata kati ya ndugu wa tumbo moja.

#10 Mangi Mdogo

Hiyo ya nne ni dhahabu. Na nadhani ndiyo sababu ya s mbili kwenye Massawe: kwa Mjerumani s moja katikati ya irabu inasomeka kama z, kwa hiyo akaongeza ya pili.

#11 Mtunza Rejesta

Inawezekana, waliandika Massai pia kwa mtindo huo. Lakini s mbili inaonekana hata kwenye maandishi ya Waingereza, kwa hiyo usiichukue peke yake kama ushahidi wa enzi ya Mjerumani. Angalia tarehe ya rejesta.

#12 Bi Mkubwa wa Forodhani

Mnazungumza kama pwani haipo. Kwetu karatasi si ngeni na jina la nasaba ni la zamani: Mazrui walitawala Mombasa mpaka 1837, Busaidi wakatawala Zanzibar, na Barwani na Harthi mpaka leo wanajulikana. Hayo ni makabila ya Kiarabu, yanafuata baba, na mwanamke anabaki nayo hata akiolewa. Binti wa fulani ni binti wa fulani. Mume hampi jina.

Lakini Mzanzibari wa kawaida hana nisba hiyo. Ana majina matatu: lake, la baba, la babu. Kombo, Faki, Makame, Vuai ni majina ya watu, hayakuwa ya koo. Tazameni Rais wa kwanza wa Zanzibar, Abeid Amani Karume. Mwanawe, naye akawa Rais, ni Amani Abeid Karume. Mjukuu amerudishiwa jina la babu, Amani, na Karume likakaa mwisho. Hapo mnaona mifumo miwili ndani ya jina moja: wa kupokezana na wa kuganda.

Na Mwinyi si jina la kabila. Ni cheo cha Kiswahili, bwana mwenye mji. Mzee Ali Hassan Mwinyi, na sasa Dkt. Hussein Ali Mwinyi.

#13 Mbeya Ndiyo Yetu

Mbona Wanyakyusa wametupwa? Ukiona Mwa- ni sisi: Mwakyembe, Mwandosya, Mwakyusa, Mwaipopo. Mwa- ni "wa uzao wa", halafu jina la mzee. Hata jina la kabila limo humo, Kyusa. Rungwe wamisionari waliingia mwaka 1891, wakayakuta, wakayaandika. Mengine ni ya kwenu.

#14 Mdigo Halisi

Taratibu, ndugu. Chirau Ali Mwakwere ni wa Kwale, hajawahi kuwa Mnyakyusa. Wadigo, Waduruma na Wataita wana Mwa- tele, na inafanya kazi ileile ya kuonyesha uzao. Mwangi wa Wakikuyu nalo linaanza hivyo na halihusiani na ninyi wala sisi. Ni jina la rika tawala, lililokuwa likipokezana na Irungu.

Kipimo chepesi: ondoa Mwa-. Kilichobaki kikiwa jina la mtu anayekumbukwa kwenye nasaba, hiyo ni Mwa- ya uzao. Kikiwa hakisimami peke yake, kama "-ngi", achana nayo.

#15 chausiku_tz

Mbeya amekaa kimya 😄

#16 Mbeya Ndiyo Yetu

Sijakaa kimya, nahesabu akina Mwa- wa Kwale. Kama ni ndugu zetu, watani wameongezeka, walete ndizi. Lakini kipimo cha #14 kinapita kwa majina yote niliyotaja.

#17 Nyar Kisumu

Narudi kwa Wajaluo, #1 amewapitia haraka mno.

O- kwa mwanamume, A- kwa mwanamke. Omondi alfajiri, Okinyi asubuhi, Onyango kabla ya adhuhuri, Ochieng jua likiwa kali, Odhiambo jioni, Otieno usiku, Okoth mvua. Mapacha ni Opiyo na Odongo, anayewafuata ni Okello. Watu wanajua hayo, wanadhani wamemaliza.

Hawajamaliza. Pamoja na jina la wakati kuna juogi, jina la marehemu wa familia. Mtoto akilia bila kunyamaza, wazee wanataja majina ya waliotangulia, akinyamaza kwenye jina fulani, hilo ni lake. Kwa hiyo Onyango wa leo anaweza kuwa amezaliwa saa nane usiku. Asubuhi ni ya Onyango wa kwanza. Ukimwambia mtu "jina lako maana yake ulizaliwa asubuhi" unaweza kuwa umekosea kwa vizazi vitatu.

Na O- si ya Wajaluo peke yao. Waacholi, Walango na Wapadhola wana akina Okello na Opio. Wateso wana Opolot na Okiring, na Kiteso si lugha ya Kijaluo hata kidogo.

#18 Mwana wa Mumbi

#17 amegusa kiini. Kwa Wakikuyu maana ya jina ni ya mtu wa kwanza aliyelibeba, basi. Sisi majina yanazunguka: mvulana wa kwanza anapewa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Msichana wa kwanza bibi mzaa baba, wa pili bibi mzaa mama. Na kila mke anaanza hesabu upya. Ndiyo maana Mzee Kenyatta, mwana wa Muigai, ana Peter Muigai kwa mke wa kwanza na Uhuru Muigai kwa Mama Ngina. Wote wawili wamepewa jina la babu yao.

Kenyatta lenyewe halikuwa jina la ukoo wala la baba. Alizaliwa Kamau, akabatizwa Johnstone mwaka 1914, na Kenyatta likatoka kwenye mkanda wa shanga aliouvaa. Ile ya "taa ya Kenya" inasikika vizuri jukwaani, lakini ilitungwa baadaye kwa kulikata jina vipande kwa Kiswahili. Mkanda una ushahidi.

Koo zetu zipo, zimetokana na mabinti wa Mumbi, mama wa Wakikuyu wote katika simulizi: Anjiru, Ambui, Angare na wenzao. Ila hakuna anayeandika ukoo kwenye kitambulisho.

#19 Keya wa Zamani

@Mwana wa Mumbi usisahau Wangari Maathai. Mume aliyeachana naye alitaka aache kutumia jina lake, Mathai. Akaongeza a moja, likawa la kwake. Hilo jina limeanza na mwanamke, na asili yake inajulikana kabisa.

#20 Omugurusi

Kagera na ng'ambo ya mto. Jina la Kihaya mara nyingi ni sentensi nzima. Tibaijuka: ti- ni kukanusha, ba- ni wao, -ijuka ni kukumbuka. Hawakumbuki. Aliyempa mtoto jina hilo alikuwa anawasema watu, na ujumbe wake wanauelewa majirani wa wakati huo. Usitafute ukoo humo. Ukoo ni mwingine, kama Bahinda, na hauandikwi.

Rwanda na Burundi ndiyo zaidi. Habyarimana, Nkurunziza, Ndayishimiye, kila mmoja ni jina la mtu huyo peke yake: Mungu ndiye mwenye kuzaa, habari njema, namshukuru. Ndugu watano wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina matano. Shida inakuja ng'ambo, fomu inadai jina la familia, ofisa anaona watoto hawafanani na wazazi. Dawa ni kwenda na vyeti vya kuzaliwa vyenye majina ya wazazi wote wawili kwa kila mtoto.

Buganda wako katikati: kila ukoo una mwiko wake na hazina yake ya majina ya kiume na ya kike, kwa hiyo jina linataja ukoo ingawa baba na mwana hawafanani. Isipokuwa Kabaka, anayefuata ukoo wa mama yake.

#21 Bi Mkubwa wa Forodhani

@Omugurusi, hiyo Ba- ya Bahinda isichanganywe na Ba- ya Wahadhrami: Bawazir, Bajaber, Bafadhil. Hiyo ni ya Hadhramaut, Yemen, nayo ni ya uzao. Kuna watu wanaandika mitandaoni kwamba Bawazir ni jina la Kibantu kwa sababu ya Ba-. Si kweli.

#22 Sina Uhakika Bado

Swali la vitendo. Vyeti vya shule vina jina la baba mwishoni, kitambulisho kina la babu. Lipi ni la ukoo, na nifanyeje?

#23 Mtunza Rejesta

Kisheria anayetafutwa ni mtu mmoja mwenye majina yanayolingana, si ukoo. Tofautisha hati mbili. Hati ya kiapo inasema majina mawili ni ya mtu yuleyule, haibadilishi chochote. Hati ya kubadili jina inaacha moja na kushika jingine, na inasajiliwa. Wengi wanakosea kwa kuchukua kiapo kipya kila ofisi, mwishowe wana viapo vitatu vyenye tahajia tatu. Anza na cheti cha kuzaliwa, kiwe ndicho kipimo, kisha lingine lolote lisogee kukifuata. Usibadilishe kitambulisho kabla ya kujua shule na baraza la mitihani wanaweza kurekebisha nini.

#24 Rono wa Bonde

Na ritifaa andika! Ng'eno na Ngeno kwenye kompyuta ni watu wawili.

#25 Mpekuzi wa Nasaba

Ahsanteni. Bado kodi sijaiacha, @Keya, maana mlipaji akifa mwanawe anarithi nyumba na mstari wake kwenye orodha.

#26 Keya wa Zamani

Anarithi mstari, halafu karani anafuta jina na kuandika lake. Lete orodha moja ambayo hakufuta.

#27 Mdigo Halisi

Wakati mnabishana, kuna fungu hamjaligusa: Freretown, hapo Mombasa, kuanzia 1875. Walioachiwa kutoka kwenye majahazi ya watumwa walipewa majina ya Kiingereza na misheni, na mengine yalikuja na waliosomeshwa Nasik kule India, kama Jacob Wainwright aliyesafiri na mwili wa Livingstone pamoja na Chuma na Susi. Kwa familia za namna hiyo kodi, kipande na jando havielezi chochote. Ubatizo unaeleza nani alilitoa jina, lakini kabila la mbebaji wa kwanza litafutwe kwenye safu ya mahali alikotoka, kama mwandishi aliijaza. Mtunza Rejesta, rejesta za Kianglikana zina safu hiyo?